Mafuta ya pilipili yananipoza usiku, asubuhi kiuno ni kile kile

Assalaam alaykum dada mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watano, umri wangu miaka 47, nakaa Jambiani na kazi yangu ni mwani. Nimelima mwani tangu usichana, nikimfuata mama yangu, na sikuwahi kuumwa mgongo ila ule uchovu wa kawaida wa bamvua, siku maji yanapotoka mbali tukaingia mwanini. Sasa tangu baada ya mfungo uliopita kiuno kimenishika. Kinabana hapa juu ya makalio, zaidi upande wa kulia, kisha maumivu yanashuka kwenye paja, hayafiki gotini. Asubuhi ndiyo kazi. Kuinuka kitandani mpaka nishike ukuta, na viatu navalishwa na binti yangu. Nikishazunguka jikoni kinalegea. Nikienda pwani nikainama kufunga mwani, kikinishika sinyanyuki mpaka nijishike magoti.

Dawa nshajaribu nyingi. Nachemsha mafuta ya nazi na pilipili kichaa, tangawizi na karafuu, nakamulia na ndimu, binti yangu ananichua usiku kabla sijalala. Yanachoma, usingizi napata, asubuhi kiuno ni kile kile. Jirani akaniletea kopo la dawa ya kuchua alilonunua kwa kijana anayepita na mkoba. Halina maandishi, lina picha ya jani tu. Hilo wallahi nililipenda, maana muda mdogo tu maumivu yalikata kabisa. Basi usiku mmoja nikajipaka vizuri, nikajifunga khanga, nikalalia chupa ya maji ya moto. Niliamka na malengelenge. Sasa yamekauka, pamebaki weusi.

Nilipiga picha ya X-ray. Aliyeisoma akanambia pingili zimesagika, nisiiname tena wala nisinyanyue kitu. Hakunieleza zaidi, akaniandikia vidonge vya maumivu, nami navinunua mwenyewe kila vikimalizika. Nina presha na natumia dawa zake. Mume wangu anataka niache mwani nilale nipumzike. Mama mkwe anasema nilale chini kwenye mkeka. Shoga yangu anasema ni figo, mwengine anasema chango, nikapige chuku. Nikilala kutwa ndiyo nnazidi kukakamaa. Na sasa nasali kitini, roho inaniuma, maana sujudu naitamani.

Suala langu ni hili: dawa gani ya kuchua itaniondoshea maumivu haya moja kwa moja? Na mazoezi kwa mgongo uliosagika si ndiyo kuumaliza? Au niache mwani?

Mama wa mwani, Jambiani

*

Waalaykum salaam dada yangu, na pole sana. Umeeleza vizuri: wapi panauma, saa gani panazidi, nini kinalegeza. Hayo ndiyo yanayonifanya nikujibu kwa matumaini.

Lakini kabla ya mafuta na mazoezi, jikague. Je, unapata homa za jioni, unatokwa na jasho usiku, unapungua uzito bila sababu? Kuna uvimbe au kibyongo kilichojitokeza kwenye uti wa mgongo? Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake, kinaingia hata kwenye pingili, na kwetu huku watu huchua mgongo miezi kadhaa kabla ya kukijua. Je, maumivu yanakuamsha usiku na hayapungui hata ukigeuka vipi? Uliwahi kuugua saratani, au uliteleza ukaanguka kabla hayajaanza? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mazoezi yangoje, nenda hospitali wiki hii. Na kama miguu inalegea, au sehemu ya siri na baina ya mapaja pamekufa ganzi, au mkojo unakuzuia au unakutoka bila kujua, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni saa nane za usiku.

Kwa ulivyoandika, sioni hata moja katika hayo. Maumivu yako yanabadilika na mkao, yanakakamaa asubuhi, yanalegea ukitembea, na hayavuki goti. Hayo kwa kawaida ni maumivu ya misuli, mishipa ya kuunganisha mifupa na viungo vidogo vya kiuno. Figo huumiza juu zaidi, chini ya mbavu kwa nyuma, na maumivu yake hayajali umekaa au umesimama. Mara nyingi huja na homa, kichefuchefu au mkojo uliobadilika. Ili shoga yako aridhike, kapime mkojo kituo cha afya, ni kipimo chepesi. Chango nalo, kama kiuno kinakuzidi siku za hedhi, au unatoka damu isiyo ya kawaida, muone daktari wa wanawake aangalie kizazi. Kama hakifuati hedhi, liache.

Sasa hilo neno lililokuvunja moyo. "Pingili zimesagika" ni maneno mabaya kumwambia mtu na kumwacha aende nayo nyumbani, na yananiudhi kila ninapoyasikia. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za CT na MRI za maelfu ya watu ambao hawaumwi mgongo kabisa. Wakakuta diski, ile mito laini baina ya pingili, zimechakaa kwa asilimia 37 ya vijana wa miaka 20, asilimia 68 ya watu wa miaka 40, asilimia 80 ya wa miaka 50, na asilimia 96 ya wazee wa miaka 80. Hao wote walikuwa wazima, wanakwenda na kurudi. Kwa hiyo picha yako ya X-ray huenda imeonesha umri wako tu, kama mvi zinavyoonesha. Haikukuambia kwamba mgongo wako utakatika ukiinama. Mgongo umeumbwa uiname, ujikunje na ubebe. Ukiuzuia usifanye hivyo, misuli inayoushika inadhoofika, na siku ukiinama kwa bahati mbaya kuokota kijiko ndiyo unashikwa zaidi. Ndiyo maana umeona mwenyewe kwamba kulala kutwa kunakukakamaza. Amini mwili wako katika hilo, umekuambia kweli.

Nije kwenye mafuta, maana ndiyo uliyoyauliza kwanza. Dawa ya kuchua itakayoondosha maumivu ya kiuno moja kwa moja haipo. Hakuna ya mitishamba na hakuna ya duka la dawa. Viungo vya kiuno viko ndani sana, chini ya ngozi, mafuta na misuli minene, na ulichopaka juu hakifiki kwenye pingili. Kinachofanya kazi ni mishipa ya fahamu ya ngozini. Pilipili ina kemikali inayoitwa kapsaisini, ambayo huzichokoza nyuzi zinazohisi joto mpaka zikachoka kupeleka habari ya maumivu. Kafuri na mentoli hufanya mfano wa hayo, na karafuu ina mafuta ya eujenoli ambayo hufisha ganzi, ndiyo maana mtu mwenye jino bovu huuma karafuu. Juu ya hayo kuna mkono wa binti yako. Kuchuliwa na mtu anayekupenda kunalegeza misuli iliyokaza, na nina hakika nusu ya nafuu unayoipata inatoka mkononi mwake.

Hiyo ni nafuu ya kweli, siidharau. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, pilipili ya kupaka ilikubaliwa kwa masharti. Lakini ni nafuu ya saa chache, na wewe umekuwa ukiitumia kulalia. Ndiyo maana asubuhi kiuno ni kile kile: yale masaa ambayo mwili umelegea na ungeweza kuusogeza, wewe umelala. Nakuomba ubadilishe saa. Jipake alasiri, jua likishapoa, ukae kidogo mpaka joto lipande, kisha ufanye mazoezi nitakayokueleza, halafu utembee. Mafuta yafungue mlango, mwendo ndio utakaokuponya.

Na mchanganyiko wako tuurekebishe. Ndimu iondoe kabisa. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua, ngozi inaungua na kuacha madoa meusi yanayokaa miezi, na wewe unashinda juani pwani. Pilipili kichaa ya kuchemsha nyumbani shida yake ni kwamba huwezi kujua ukali wake, leo ni laini, kesho inakubabua. Ukitaka pilipili, nunua krimu ya kapsaisini kwenye duka la dawa, yenye kipimo kilichoandikwa, na uitumie kila siku kwa wiki mbili hivi, maana haifanyi kazi vizuri kwa kupaka mara moja moja. Paka kidogo tu, usiingie baharini kabla hujaiosha, na usioge maji ya moto mara baada ya kupaka. Binti yako anawe mikono vizuri, kwanza kwa mafuta ya kula kisha kwa sabuni, kwa sababu pilipili haitoki kwa maji matupu. Akijisahau akagusa jicho au akamshika mtoto mchanga, kutakuwa na kilio.

Mimi ningekushauri uanze na kitu cha upole zaidi. Chukua mafuta ya nazi safi, vijiko vikubwa viwili, tia matone matatu tu ya mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa. Matatu, dada. Mafuta ya karafuu yanayotoka kiwandani Pemba ni makali, ukiyapaka yenyewe yanaunguza. Kama huna, pasha moto mafuta ya nazi kwenye moto mdogo pamoja na karafuu nzima kidogo na tangawizi iliyopondwa, usiyaache yakaungua, kisha chuja. Jaribu kwanza kwa kupaka padogo upande wa ndani wa mkono, ungoje mpaka kesho yake. Pakiwasha au pakiwa pekundu, acha. Hapo penye weusi wa malengelenge usipake chochote chenye ukali mpaka ngozi irudi kuwa ya kawaida. Mafuta ya nazi matupu yatakutosha.

Kopo lile la picha ya jani usilitumie tena. Dawa inayokata maumivu ya kiuno kabisa ndani ya muda mdogo, na haitaji kilichomo, inanitia wasiwasi. Dawa za kupaka zinazoitwa za asili zimewahi kukamatwa nchi nyingi zikiwa zimetiwa dawa za hospitali kwa siri, zikiwemo steroidi, ambazo kwa muda mrefu hukondesha ngozi na kupandisha presha na sukari. Dawa halali ina jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wanaosimamia dawa Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), Bara ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Lipeleke kopo hilo kwa mfamasia umweleze yaliyokupata, litamsaidia na mtu mwengine.

Na malengelenge yale hayakuwa bahati mbaya. Mentoli, kafuri na methili salisileti, ambavyo hutiwa kwenye dawa nyingi za kuchua, vikifungwa kwa kitambaa na kuwekewa joto juu, vinaweza kuunguza ngozi mpaka ndani. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa sababu hiyo hiyo, na zile zilikuwa dawa zinazouzwa kihalali madukani. Chagua kimoja: ama mafuta, ama joto. Kukanda kwa maji ya moto ni kuzuri, na asubuhi ndiyo wakati wake. Loweka taulo kwenye maji ya moto unayoyavumilia, likamue, liweke kiunoni kama robo saa kwenye ngozi isiyo na mafuta makali, ndipo uanze kujinyoosha. Jambo jengine ambalo mama mwenye watoto nyumbani asilisahau: dawa za kuchua zikae juu, mbali na mikono midogo. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta yenye methili salisileti kali kinaweza kumuua mtoto akikimeza, na kafuri humtia degedege.

Vidonge. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kama ni diklofenaki au ibuprofeni, na wewe una presha, usiendelee kuvinunua mwenyewe. Vinapandisha presha, vinaipunguzia nguvu dawa yako ya presha, vinachosha figo na kuchubua tumbo. Nenda kituoni wiki hii ukapime presha, uchukue na pakiti zote mbili, ya maumivu na ya presha, umuulize daktari.

Sasa mazoezi, na usiogope. Mwongozo huo huo wa WHO umeyaweka mazoezi miongoni mwa tiba unazozipendekeza, na mkanda wa kufunga kiunoni umeshauri usitumike kama tiba, kwa hiyo usije ukauziwa.

Asubuhi, kabla hujainuka, ukishakandwa. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae kwenye godoro. Yapeleke magoti yote mawili kulia polepole, kisha kushoto, yasifike mbali, mara kumi hivi. Halafu gandamiza kiuno kwenye godoro kwa kukaza tumbo la chini, hesabu tano, legeza. Sikia pale ulipokuwa na uwazi baina ya kiuno na godoro panavyojaa na kufunguka. Kisha shika paja moja kwa nyuma, lilete kifuani taratibu, rudisha, shika la pili. Ukimaliza usiinuke kwa kujikunja mbele. Geuka ubavu, teremsha miguu nje ya kitanda, jisukume kwa mkono. Ukuta utauacha wenyewe.

Alasiri, baada ya mafuta, tandika mkeka. Piga magoti, viganja chini, mgongo uwe sawa. Pandisha mgongo juu kama unausukuma kwenye dari huku kichwa kikishuka, kisha uteremshe polepole na kichwa kiinuke. Fuata pumzi yako, usiharakishe. Kisha rudisha makalio nyuma kuelekea visigino, mikono ibaki mbele, ukae hapo kwa pumzi mbili tatu. Utauona mkao huo si mgeni kwako, na nitaurudia. Wiki ya kwanza yatosha hayo.

Wiki ya pili, kama hali inaruhusu, ongeza kunyanyua makalio ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, mpaka mapaja na kifua viwe kwenye mstari mmoja, hesabu tano, shusha. Mara nane. Hili ndilo linalotia nguvu makalio, na makalio ndiyo yanayopaswa kubeba gunia, si kiuno. Halafu ukiwa magotini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, usiache kiuno kizame, rudisha, badilisha. Ukiyumba si neno, mwanzo kila mtu huyumba.

Maumivu yakipanda kidogo wakati wa kufanya, na kesho yake asubuhi yamerudi palepale au chini yake, endelea. Yakipanda na kukaa juu mpaka kesho, punguza nusu. Angalia pia yanaelekea wapi. Yakitoka pajani yakarudi kukusanyika kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo siku hiyo, hiyo ni dalili nzuri. Yakivuka goti kuelekea mguuni, zoezi lile liache na umuone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali kubwa kama Mnazi Mmoja wanao, na mara moja mbele yake inafaa kuliko mara kumi kwa mtu wa kukukanyaga mgongo.

Na utembee. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa na kuanza kutembea, wakijijenga mpaka nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa wastani wa siku 208 kabla ya kushikwa tena. Wale ambao hawakupewa chochote, siku 112. Na kutembea hakuna gharama. Wewe una pwani mlangoni. Maji yakitoka, tembea kwenye mchanga mgumu ulio sawa, si ule wa mteremko karibu na minazi, maana mteremko unakupinda nyonga upande mmoja. Anza na dakika kumi, ongeza kila baada ya siku chache.

Kulala chini kwenye mkeka si lazima, na kwa mtu anayekakamaa asubuhi kunaweza kumzidishia. Godoro lisiwe gumu sana wala lisiwe la kuzama. Lala ubavu, mto baina ya magoti. Chuku au hijama, ukitaka kwa imani yako, hakikisha wembe ni mpya na unafunguliwa mbele yako, ila usiifanye badala ya haya niliyokuandikia.

Sala. Kusali kitini ni ruhusa kwa mwenye maumivu, na hukumu zake muulize shekhe wako. Mimi nakujibu upande wa mwili tu. Ule mkao wa mkekani, makalio yakirudi kwenye visigino na mikono mbele, ni jirani wa sujudu. Ukiuweza bila kushikwa, sujudu umekwisha kuiweza. Anza na sala moja kwa siku, magharibi kwa mfano, ukiwa umetoka kutembea na mwili umelainika. Weka kiti pembeni cha kujishikia, shuka kwa magoti kwanza. Kwenye rukuu rudisha makalio nyuma, magoti yalegee kidogo, mgongo unyooke, ishuke nyonga badala ya kiuno kujikunja. Alfajiri iwe ya mwisho kuirejesha, kwa sababu kiuno asubuhi kimekakamaa zaidi.

Mwani usiache. Najua wanawake wengi wa Jambiani na Paje wanasomesha watoto kwa kamba hizo, na mtu akinyang'anywa kazi yake kwa ajili ya kiuno mara nyingi hubaki na kiuno kile kile na huzuni juu yake. Tatizo si kuinama, ni kuinama muda mrefu kwa mkao mmoja, miguu imenyooka, toka kigingi mpaka kigingi. Kila ukifunga vishikizo kadhaa, simama wima, weka viganja kiunoni, jirudishe nyuma taratibu mara tano. Hilo ndilo zoezi la pwani, usilikose. Maji yakiwa ya magotini, piga goti moja badala ya kuinama. Kazi ya kufunga mbegu kwenye kamba ifanye ufukweni kivulini kwa kadiri inavyowezekana, umekaa juu ya kibao au ndoo iliyopinduliwa, usikae chini umenyoosha miguu.

Wakati wa kuvuna ndipo pa kuangalia zaidi, kwa sababu mwani mbichi sehemu kubwa ni maji. Usijaze gunia. Jaza nusu, liache lichuje, au livute likiwa linaelea maji yanapoanza kujaa, kuliko kulibeba mchangani. Na mume wako anayekuhurumia mpaka anataka ulale, mwambie huruma hiyo aje nayo siku ya kuvuna, ashike ncha ya pili ya gunia au alete baiskeli. Hilo litakufaa kuliko kulala.

Bamvua la karibu ingia nusu ya kawaida yako: nusu ya kamba, nusu ya saa. Likipita vizuri, linalofuata ongeza kidogo. Watu wengi wenye kiuno kama chako wanaona mabadiliko ndani ya wiki sita mpaka nane wakifanya kila siku bila kuruka, na zitakuwepo siku mbili tatu mbaya katikati. Siku hizo punguza, usilale. Wiki nane zikipita na huoni tofauti, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia na picha yako ya X-ray mkononi, umwambie kila ulichofanya, na umtake akueleze mpaka uelewe kabla hujatoka chumbani kwake.